“Kufungua Mabano”: Uhakiki wa Maneno Yatumikayo Katika Kuzidisha Polinomia

1. Utangulizi

Istilahi mbovu ni za aina mbili. Kuna ile ambayo msomaji haielewi, na kuna ile ambayo msomaji hudhani ameielewa. Ya kwanza ina madhara madogo, kwa kuwa asiyeelewa huuliza au hutafuta kamusi. Ya pili ndiyo ya kuogopwa, maana humpeleka msomaji mahali pasipo pake naye akiwa ametulia kabisa. Makala haya yanahakiki maneno machache ya aina hiyo ya pili. Yote yanahusu sura moja ya aljebra ya msingi: kuzidisha polinomia.

Sura hii tumeichagua kwa sababu imekaa mpakani. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini Tanzania. Mtoto hujifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwa Kiswahili, na maneno hayo humkaa kichwani kwa maana alizofundishwa. Anapofika sekondari hukuta kitabu cha Kiingereza mikononi mwa mwalimu ambaye, akitaka kueleweka, hulazimika kueleza kwa Kiswahili. Maneno anayoyatumia mwalimu huyo hayakuhaririwa na mtu yeyote wala hayakupitishwa katika kikao chochote. Ni maneno ya darasa la chini yaliyovushwa darasa la juu bila kupimwa kama yanaweza kuubeba mzigo mpya.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliitaja lugha ya Kiswahili kuwa ya kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote. Wapo waliolipokea tamko hilo kwa kusema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba hesabu za juu. Hatukubaliani nao. Lakini tukiri kwamba kila istilahi inayompotosha mwanafunzi ni ushahidi tunaowapa bure.

2. Polinomia na vipande vyake

Tuanze na jina lenyewe. Polinomia ni jumla ya vipande, na kila kipande ni namba iliyozidishwa kwa herufi yenye kipeo ambacho ni namba nzima isiyo hasi. Hivyo x² + 5x + 6 ni polinomia yenye vipande vitatu. Namba 6 nayo ni kipande halali ingawa haina herufi. Lakini 1 ikigawanywa kwa x haihesabiwi katika jamii hii.

Neno polinomia limekwisha kuvaa sauti za Kiswahili na halina mshindani, kwa hiyo hatuoni haja ya kulitafutia mbadala. Tatizo limo katika jina la kile tulichokiita kipande. Neno ambalo Kiingereza hulitumia kwa kitu hicho ndilo hilohilo linalotumika kwa muhula wa shule, kwa istilahi ya taaluma na kwa sharti la mkataba. Mfasiri asiyejua hesabu, akiongozwa na kamusi peke yake, anaweza kuandika kwamba polinomia ina “istilahi tatu” au “mihula mitatu”. Msomaji atacheka, na kwa kuwa atacheka, madhara yatakuwa madogo.

Madhara makubwa hutokea pale neno lililo karibu na ukweli linapoachwa bila mpaka. Chukua neno mtajo. Mtajo ni kitu kinachotajwa. Tusipolifunga, mwalimu mmoja atalitumia kwa x² + 5x + 6 yote, na mwingine kwa 5x peke yake. Mwanafunzi atakayeambiwa “zidisha kila mtajo” atazidisha nini na nini? Kiarabu kilimaliza suala hili kwa kuchukua neno lenye maana ya mpaka, ambalo ni ndugu wa neno letu hadi, na kuita polinomia “yenye mipaka mingi”. Sisi hatuwezi kufuata njia hiyo, kwa kuwa hadi kwetu imekwisha kuwa kiunganishi na haiwezi tena kusimama kama jina la kitu bila kuleta utata.

Maoni yetu ni kwamba neno kipande latosha. Ni neno la kila siku, lina wingi ulio wazi, na huzaa maneno mengine bila taabu: vipande vinavyofanana, kukusanya vipande, kipande kisicho na herufi. Mtajo na ubaki kwa umbo zima.

3. “Kufungua mabano”: neno moja, kazi mbili

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wetu. Kila aliyesoma hesabu katika shule za msingi za Tanzania analijua neno MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni neno lililoundwa kwa ustadi. Silabi zake ni za Kiswahili kitupu, hukaririka kwa urahisi, na limewasaidia wengi. Lina kasoro moja inayofahamika, kwamba humfanya mwanafunzi adhani kujumlisha lazima kutangulie kutoa. Aliyelishika kwa upofu ataikokotoa 10 − 3 + 2 na kupata 5, ilhali jibu ni 9. Kasoro hiyo walimu wengi huirekebisha darasani.

Kasoro nyingine imejificha zaidi, nayo iko katika silabi ya kwanza. Mtoto hufundishwa kwamba mabano hufunguliwa kwanza, na katika hesabu za namba “kufungua” kuna maana moja tu: kokotoa kilichomo ndani mpaka ibaki namba moja, kisha mabano yatoweke. Katika 4 × (3 + 5) ataandika 4 × 8, kisha 32. Kazi ya kufungua imekwisha kabla kazi ya kuzidisha haijaanza.

Sasa mpe mwanafunzi huyohuyo 4(x + 5), umwambie “fungua mabano”. Ataangalia ndani. Hapo x na 5 haviwezi kujumlishwa, kwa kuwa x haijulikani. Njia aliyofundishwa imefungwa. Mmoja atakaa kimya. Mwingine, mtiifu zaidi, ataandika 4 × 5x, kisha 20x, kwa kuwa amri ilisema mabano yafunguliwe kwanza. Huyu wa pili hakufanya uzembe. Ametii neno kwa maana aliyofundishwa kwa miaka saba.

Katika aljebra, kumbe, kufungua mabano ni kazi tofauti kabisa. Hakuna kinachokokotolewa ndani. Kizidishi kilicho nje ndicho kinachoingia na kukifikia kila kipande kilichomo, na mabano hutoweka baada ya kuzidisha, si kabla. Mpangilio umegeuka juu chini, lakini jina limebaki lilelile. Kiingereza hutenganisha mambo haya mawili kwa vitenzi viwili. Sisi tumeyafunika kwa kitenzi kimoja, kisha tunamlaumu mwanafunzi kwa kutoyatofautisha.

4. Kugawanya, kutawanya, kusambaza au kueneza?

Ikiwa kazi ya pili inahitaji jina lake, jina hilo ni lipi? Maneno manne hujitokeza mara moja, na yote yana watetezi.

Kugawanya halifai. Ni kweli kwamba katika Kiswahili cha kawaida mtu hugawanya chakula kwa watoto, na maana ya kumpa kila mmoja ipo. Lakini katika hesabu neno hilo limekwisha kushikwa na tendo lililo kinyume cha kuzidisha. Kanuni ya kuzidisha inayoitwa “kanuni ya mgawanyo” ni mtego uliotegwa na mfasiri mwenyewe.

Kutawanya nalo lina udhaifu. Kinachotawanywa hutupwa huku na huku, na si lazima kifike kila mahali. Kuku hutawanyiwa nafaka, na kuna kuku asiyepata hata punje.

Kusambaza linakaribia zaidi, kwa kuwa msambazaji hufuata orodha na hufika kwa kila mteja. Lakini litazamwe vizuri. Mwenye magunia 3 ya sukari akisambaza katika maduka mawili, kila duka litapata sehemu tu ya magunia hayo, na ghala lake litapungua. Katika 3(x + 5) sivyo ilivyo. Kipande x hupata 3 yote, na kipande 5 hupata 3 yote vilevile. Jibu ni 3x + 15. Kosa lililozoeleka, 3x + 5, ni kosa la mtu anayefikiri kama mwenye ghala: 3 imekwisha kutolewa kwa x, hivyo 5 haina kitu cha kupewa.

Linabaki kueneza. Tunaposema chakula kimeenea, tuna maana kwamba hakuna aliyekosa. Tunapoeneza habari katika kijiji, kila nyumba huipata habari nzima, wala habari haipungui kwa kusikiwa na wengi. Hizo ndizo sifa mbili tunazozihitaji: kufika kwa kila kipande, na kufika kizima. Wako watakaotukumbusha kwamba neno uenezi limeshika maana ya kisiasa. Twajibu kwamba kitenzi hakijafungwa na maana hiyo, na kwamba istilahi husomwa katika muktadha wake. Hakuna atakayeisoma “eneza 3 ndani ya mabano” akadhani anaalikwa mkutanoni.

Basi twapendekeza hivi. Katika hesabu za namba tuseme “kokotoa ndani ya mabano”. Katika aljebra tuseme “eneza kizidishi”. “Fungua mabano” iachwe katika mazungumzo ya kawaida, lakini isiandikwe katika swali la mtihani.

5. Njia ya herufi nne na mipaka yake

Polinomia mbili zenye vipande viwili viwili zikizidishwa, vitabu vingi vya Kiingereza hutumia kifupisho chenye herufi nne: vya kwanza, vya nje, vya ndani, vya mwisho. Kwa (x + 3)(x + 2) tunapata x², 2x, 3x na 6. Tukikusanya vipande vinavyofanana, zao ni x² + 5x + 6. Baadhi ya wafasiri hushawishika kuunda kifupisho cha namna hiyo kwa Kiswahili, kama alivyofanya aliyetupa MAGAZIJUTO. Tunashauri wasifanye hivyo, na sababu si ugumu wa kupata silabi nzuri.

Kifupisho hicho hutaja mahali vipande vilipo, lakini hakitaji sababu ya kuzidishwa kwake. Zidisha 2x + 3 kwa x² − 4x + 5. Hapa “cha ndani” ni kipi? Mwanafunzi aliyekariri atapata mazao manne na kuacha mawili. Aliyefundishwa kueneza hatapata shida. Ataieneza 2x kwa vipande vyote vitatu na kupata 2x³ − 8x² + 10x, kisha ataieneza 3 kwa vyote vitatu na kupata 3x² − 12x + 15. Akikusanya atapata 2x³ − 5x² − 2x + 15. Tena anao mtihani wa kujipima: vipande viwili kwa vitatu lazima vitoe mazao sita kabla ya kukusanya. Akiwa na manne anajua kuna waliokosa.

Jambo hili si geni. Mnamo mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina la aljebra limetokana nacho. Humo alieleza kwamba namba mbili zilizoundwa kwa makumi na mamoja zikizidishwa, panahitajika mazidisho manne: makumi kwa makumi, makumi kwa mamoja, mamoja kwa makumi, na mamoja kwa mamoja. Kisha akaihamishia kanuni hiyohiyo kwenye kiasi kisichojulikana, ambacho alikiita kwa neno lenye maana ya “kitu”. Kipeo chake cha pili alikiita kwa neno ambalo sisi tunalo hadi leo: mali. Kitabu chake hakikutumia alama hata moja ya aina tunayoitumia. Aljebra yote ilisemwa kwa maneno. Kwa mtu wa istilahi hilo ni fundisho kubwa, kwa kuwa linathibitisha kwamba fikra hizi zinaweza kubebwa na lugha ya watu mradi maneno yamewekewa mipaka.

Mwalimu anaweza kuitumia njia hiyohiyo leo. Mwanafunzi aliyezidisha 13 kwa 12 katika shule ya msingi amekwisha kuzidisha polinomia bila kujua, kwa kuwa 13 ni kumi na tatu, na 12 ni kumi na mbili. Weka 10 mahali pa x katika x² + 5x + 6, utapata 100 + 50 + 6, yaani 156, ambayo ndiyo 13 × 12. Majina ya namba katika Kiswahili husaidia hapa kuliko ya Kiingereza, maana kumi na tatu hujitangaza kuwa jumla ya vipande viwili.

6. “Mara mbili” na “kipeo cha pili”

Asemapo Mswahili “tatu mara nne”, maana iliyo wazi ni tatu iliyorudiwa mara nne. Kinachorudiwa hutangulia, idadi ya kurudiwa hufuata. Kwa mpangilio huo “x mara mbili” ni x + x, yaani 2x. Lakini mwanafunzi akiiona x × x huona x imetokea mara mbili, naye huandika 2x. Walimu wengi humsahihisha kwa kujaribia namba. Tunawaonya wasichague 2, kwa kuwa 2 + 2 na 2 × 2 vyote ni 4, na kosa litapita likiwa limevaa nguo za ukweli. Wachague 5, ambapo mara mbili ni 10 na kipeo cha pili ni 25.

Kiswahili kimetupa silaha nzuri hapa: mbili kwa idadi, pili kwa cheo. Basi “mara mbili” itumike kwa 2x peke yake, na “kipeo cha pili” kwa x² peke yake. Pia mwalimu atamke kipeo polepole, maana kuna kipeuo, ambacho ni kinyume chake, na kati ya maneno haya mawili ipo irabu moja tu. Laiti maneno hayo yangekuwa yanaundwa leo, tungeshauri moja libadilishwe. Lakini istilahi iliyokwisha kukaa madarasani haing’olewi bila gharama, na gharama ya kutamka vizuri ni ndogo zaidi.

Utata mwingine uko katika kusoma. Maneno “x jumlisha tatu, kipeo cha pili” yanaweza kuwa (x + 3)² au x + 3². Mwanafunzi anayeandika x² + 9 badala ya x² + 6x + 9 mara nyingi ameeneza kipeo kana kwamba ni kizidishi. Weka 10 mahali pa x: jibu sahihi ni 169, yeye amepata 109. Lugha yetu inaweza kuzuia hili ikiwa tutasema kwa ukamilifu. Moja ni “kipeo cha pili cha jumla ya x na 3”. Jingine ni “jumla ya vipeo vya pili vya x na 3”. Umoja na wingi wa ngeli vimekwisha kutofautisha mambo mawili ambayo alama hutofautisha kwa mabano.

Watumishi wa serikali wasidhani haya ni ya walimu tu. Tuseme waraka umeandikwa kwamba malipo ya shilingi 1,000,000 “yataongezwa asilimia 10 mara mbili”. Je, ni asilimia 20, yaani shilingi 1,200,000? Au ni asilimia 10, kisha asilimia 10 ya kiasi kipya, yaani shilingi 1,210,000? Tofauti ya shilingi 10,000 ni kile kipande cha r² katika (1 + r)² = 1 + 2r + r². Mwandishi wa waraka amekificha ndani ya maneno “mara mbili”, na mlipwaji ndiye atakayekidai. Aandike “asilimia 10, kisha asilimia 10 ya jumla iliyopatikana”, na mgogoro hautazaliwa.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe na wahusika:

(a) Kipande kiwe jina la kila sehemu inayojumlishwa katika polinomia, na mtajo ubaki kwa umbo zima.

(b) Kukokotoa ndani ya mabano na kueneza kizidishi ziwe istilahi mbili kwa kazi mbili, na “kufungua mabano” isiandikwe katika vitabu wala mitihani.

(c) Mgawanyo usitumiwe kamwe kwa kanuni ya kueneza.

(d) Vifupisho vya kukariri visitafsiriwe kabla ya kuuliza kama kanuni iliyo nyuma yake inafika mbali kuliko kifupisho chenyewe.

(e) Mara mbili na kipeo cha pili zitenganishwe darasani na katika nyaraka.

Hatudai kwamba mapendekezo haya ni ya mwisho. Neno kueneza, hasa, halijapita mikononi mwa walimu wa kutosha, na istilahi isiyopita mikononi mwa watumiaji ni pendekezo tu. Tunawaomba walimu watakaolijaribu watuarifu wanafunzi walilipokeaje, na ni makosa gani yaliyopungua au kuongezeka. Wafasiri wenye neno bora zaidi walilete pamoja na hoja zake.